Jina la Wimbo na Jina la Mwenye Wimbo: Uhakiki wa Maneno Yetu ya Kunakili na Kurushiana

Nilipokuwa Matamba, katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, niliingia katika kibanda kimoja cha kuchaji simu ambacho mwenyewe, kijana mpole, huweka pia nyimbo katika simu za wateja kwa malipo madogo. Alinifungulia kompyuta yake nitazame hazina aliyokuwa nayo. Nilimwomba wimbo mmoja wa kwaya ambao nilikuwa nimeusikia mara nyingi ndani ya gari lililonipandisha mlima. Aliupata kwa kuusikiliza, si kwa kuusoma, maana jina lake katika kompyuta lilikuwa "Traki 07". Nikamwuliza, "Mtunzi wake ni nani?" Akanijibu kwa adabu, "Sijui, mwalimu. Nilirushiwa tu."

Neno hilo moja, nilirushiwa, ndilo lililozaa makala haya. Mwanafunzi wa sarufi ataona upesi kilichomo na kisichokuwamo ndani yake. Aliyepokea yumo. Aliyerusha hayumo, maana kauli ya kutendewa humruhusu msemaji kumwacha nje. Wimbo hautajwi. Na mtunzi, ambaye bila yeye pasingekuwa na kitu cha kurushwa, hana hata nafasi aliyonyimwa. Kitenzi hakikumtengea nafasi tangu mwanzo.

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu uhakiki wa tenzi, wa riwaya na wa kamusi. Naomba ruhusa leo niyahakiki maneno ambayo kwayo tunasimulia jambo lililoenea kuliko kitabu chochote, yaani kunakili nyimbo na kupeana. Maneno nayo ni kazi ya sanaa. Hayana mwandishi mmoja wa kulaumiwa, lakini yana uzuri na kasoro, na yaweza kupimwa. Hoja yangu ni moja. Wimbo unaponakiliwa haupungui. Kinachopungua ni jina la mwenye wimbo. Na maneno tuliyonayo, ya serikalini na ya mtaani, yote yanashindwa kuutaja upungufu huo.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa tuanzie mbali kidogo, katika programu za kwanza za kompyuta zilizowawezesha watu wa nchi za mbali kupeana nyimbo bila kuonana. Wengi wetu tunazikumbuka kama habari ya wizi na mahakama. Mimi nazikumbuka kama habari ya majina, na hiyo ndiyo sababu ya mtu wa isimu kuzizungumzia.

Chanzo chake ni muundo wa MP3, uliobuniwa hasa na wataalamu wa Taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, ambao faili zake zilipewa kiishio hicho mwaka 1995. Muundo huu husonga sauti hata ikabakia kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa awali. Wimbo wa dakika nne ukawa na megabaiti nne hivi, na kwa waya wa simu wa siku zile, uliopitisha kilobiti 56 kwa sekunde, uliweza kufika kwa muda wa dakika kumi. Juni 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alitoa programu iitwayo Napster. Nyimbo zenyewe zilikaa katika kompyuta za watu majumbani mwao. Napster ilikuwa na kitu kimoja tu mkononi mwake: orodha ya majina ya nyimbo, na ya watu waliokuwa nazo kwa saa ile. Mtu aliandika jina, orodha ikamwelekeza kwa mwenziwe, nao wakapeana wenyewe kwa wenyewe. Napster basi haikuwa ghala la nyimbo. Ilikuwa daftari la majina.

Tangu hapo vita vyote vilipiganwa juu ya majina. Aprili 2000 bendi ya Metallica iliishtaki Napster, na mwezi uliofuata ikawasilisha orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji waliodaiwa kutoa nyimbo zake. Napster iliwafungia, wengi wakarudi kwa majina mengine. Februari 2001 mahakama ya rufani huko California iliamua kwamba Napster yapasa kuzuia nyimbo zenye wenyewe, mradi makampuni yaijulishe ni nyimbo zipi. Machi mwaka huo ukawekwa mchujo. Lakini mchujo ule haukuwa na masikio. Ulisoma jina la faili, ukalilinganisha na orodha ya majina yaliyokatazwa, na kama yalilingana herufi kwa herufi, faili ilifichwa. Watu wakafanya nini? Waliharibu tahajia. Waliongeza herufi moja, wakapunguza nyingine, wakaandika jina la mwimbaji nyuma mbele. Programu nyingine, Aimster, ilitoa kifaa cha kufanya kazi hiyo bila kuchoka: kilichukua herufi ya kwanza ya jina na kuipeleka mwishoni, hata "wimbo" ukawa "imbow". Mchujo ulipita juu yake kama mgeni apitavyo katika mazungumzo ya watoto asiyajue.

Nimesema watoto kwa makusudi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hila hii. Kinyume chetu, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho na kuitanguliza, hata "nyumba" ikawa "mbanyu", ni hila ile ile kwa mkono wa kushoto. Mchezo huu ni wa zamani. Edward Steere aliuwekea mfano katika kitabu chake cha hadithi za Unguja kilichotoka mwaka 1870. Tofauti yao inafundisha. Kinyume huhamisha silabi, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili husikia silabi. Kifaa cha Aimster kilihamisha herufi, kwa kuwa kompyuta husoma herufi. Kila kimoja kimejengwa kwa kipimo cha yule anayetakiwa asielewe. Na katika yote mawili, kitu kinachosemwa hakibadiliki. Hubadilika mlango wake tu. Ndiyo sababu Napster baadaye ikajaribu kutambua nyimbo kwa alama za sauti yenyewe. Iliifanya kazi hiyo imechelewa. Julai 2001 ikafungwa.

Makampuni nayo yalijifunza hila hiyo kwa upande wa pili. Katika programu zilizofuata, hasa Kazaa, zilianza kuonekana faili zenye majina sahihi kabisa ambazo ndani yake hamkuwa na wimbo. Mwaka 2003 zilisambazwa faili zilizobeba majina ya nyimbo mpya za Madonna, na aliyezifungua alikuta sauti ya mwimbaji mwenyewe ikimkemea. Upande mmoja uliharibu jina ili kuokoa sauti. Upande wa pili ukaharibu sauti chini ya jina zima. Katika mapigano hayo jina lilitumika kama ufunguo, kama chambo na kama kificho. Halikutumika tena kama jina.

Sasa turudi Matamba. Sidai kwamba programu hizo zilitumika huko. Waya wa bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na siku zile Wamarekani walipokuwa wakigombana na Napster, Matamba walisikiliza redio na kaseti. Mji huu mdogo umekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Kitulo. Njia ya kuupandia kutoka Chimala, katika bonde la Usangu, ina kona 57, nayo yajulikana kwa hesabu hiyo hiyo: Hamsini na Saba. Viazi hushuka, mabati, sukari na nguo hupanda. Nyimbo nazo zilipanda pamoja na mabati: kwanza katika kanda za kaseti, kisha katika sahani za CD, kisha katika kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mfukoni mwa dereva au mwanafunzi anayerudi likizo.

Lakini tukiitazama desturi yenyewe, twaona kwamba watu wa mlimani walikuwa na mtandao wa namna ile kabla ya kuwa na intaneti. Machi 2000 vijana wawili wa kampuni ya Nullsoft, Justin Frankel na Tom Pepper, walitoa programu iitwayo Gnutella. Wakubwa wao waliiondoa upesi, lakini ilikuwa imekwisha kunakiliwa. Gnutella haikuwa na daftari la kati. Kompyuta iliyotaka wimbo iliziuliza jirani zake, kila jirani akawauliza jirani zake, mpaka swali likamfikia mwenye nao. LimeWire, iliyotumia mtindo huo, iliendelea hadi mahakama ilipoizuia Oktoba 2010. Na Matamba je? Mtu akitaka wimbo humwuliza aliye karibu. Asipokuwa nao humtaja mwingine. Simu mbili huwekwa kando kwa kando juu ya meza, na wimbo hupita hewani. Hakuna kati, hakuna daftari, na hakuna wa kufungiwa. Kilichokosekana Gnutella kimekosekana na huku: hakuna mahali ambapo jina la mwenye wimbo hutunzwa na mtu mwenye wajibu wa kulitunza.

Baada ya kueleza hayo, nayageukia maneno yetu, nikianza na yale yenye kasoro ndogo.

Kushusha na kupakua. Vitenzi hivi vimekuja kutafsiri dhana ya Kiingereza inayodhani kuna mashine kuu iliyo juu na watumiaji walio chini. Kupakua ni neno zuri; lina -u- ya kinyume inayolipatanisha na kupakia, na lina harufu ya chungu na ya shehena. Kushusha ni dhaifu zaidi. Kijana yule wa Matamba aliniambia kwamba nyimbo mpya "anazipandisha kutoka Chimala", na alisema kweli. Ziko chini, naye yuko juu. Lakini kasoro kubwa ni nyingine. Katika kupeana kwa wenzi hakuna juu wala chini. Kila mmoja ni mpaji na mpokeaji, na vitenzi vya kupanda na kushuka vinaingiza ngazi mahali pasipo na ngazi.

Kuchoma. Neno hili, lililotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, lina balaa ya kuchekesha. Mtu akisema kwamba sahani mia za CD bandia zimechomwa, msikilizaji hajui kama zimezaliwa au zimeangamizwa. Lugha inayotumia kitenzi kimoja kwa kosa na kwa adhabu yake ina haki ya kuhakikiwa.

Uharamia. Hapa kasoro si ndogo tena. Magazeti na wakubwa wa serikali hupenda kusema juu ya "uharamia wa kazi za sanaa". Haramia ni mnyang'anyi, hasa wa baharini. Chimbuko lake ni lile lile la haramu. Neno limeletwa ili kufuata Kiingereza, ambacho nacho humwita mwenye kunakili mnyang'anyi wa baharini. Lakini Kiingereza kimelitumia neno lake hata makali yake yamechakaa, ilhali letu lina makali mapya na uzito wa dini. Tunalitumia bila kuchagua juu ya watu watatu tofauti: mfanya biashara anayefyatua maelfu ya nakala mjini, kijana wa kibanda anayeweka nyimbo kumi katika simu, na msichana anayemrushia dada yake wimbo wa kwaya ya kanisani kwao. Neno linalowahukumu watu watatu hukumu moja halijaeleza tendo la hata mmoja wao. Matokeo yake ni kwamba watu hulisikia, hulipita, na huendelea. Hakuna mtu wa Matamba anayejiona haramia. Na bahari iko mbali.

Wizi. Neno hili lina sifa ya kuwa letu na la wazi, lakini halipatani na tendo. Aliyeibiwa mbuzi hana mbuzi. Mtunzi aliyenakiliwa bado ana wimbo wake, tena huenda unaimbwa zaidi kuliko jana. Mtu wa kawaida huliona pengo hili kwa akili yake mwenyewe, na hivyo ndivyo anavyojitetea: "Nimemwibia nini?" Swali hilo si la upuuzi. Mhakiki anayelidharau hataweza kulijibu.

Kurushiana. Hili ndilo neno la watu wenyewe, na kwa upande wa ufundi ni bora kuliko yote. Tazama lilivyojengwa: ruka, rusha, rushia, rushiana. Kutoka kitenzi cha mtu mmoja likawa la kutendesha, likawa la kutendea, likawa la kutendeana. Halina juu wala chini. Lina wepesi wa kitu kinachopita hewani na lina usawa wa wenzi. Lau wataalamu wa istilahi wangeulizwa neno la programu zile za Gnutella na nduguze, wasingepata jema kuliko "programu za kurushiana".

Lakini katika uzuri huo ndimo ulimo upungufu. Kiambishi -an- huchora duara, na duara hilo lina watu wawili. Wanaorushiana wametimia, kitenzi hakidai mtu wa tatu. Waliokula pamoja wamekula pamoja, na aliyepika hamo katika neno. Mtunzi aweza kuingia kwa njia moja tu, nayo ni kupitia nomino: "tulirushiana nyimbo za fulani". Haki yote ya mtunzi, katika sentensi ya Kiswahili, imening'inia katika -a ndogo ya uhusiano. Ondoa "za fulani", na sentensi haina kilema. Inasomeka vizuri, tena kwa wepesi zaidi. Ndiyo sababu inaondolewa.

Wala si sarufi yetu pekee iliyomsahau. Faili ya MP3 ilipoanza kuenea haikuwa na mahali pa kuandika habari zake. Mwaka 1996 ukabuniwa utaratibu wa kuongeza baiti 128 mwishoni mwa faili: nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji, 30 kwa albamu, 30 kwa maelezo, na nafasi ndogo za mwaka na aina ya muziki. Hesabu nafasi hizo mara mbili ukipenda. Mtunzi hana yake. Aliongezwa katika utaratibu wa pili, wa mwaka 1998. Na hata nafasi hizo zilizopo hujazwa na mwenye bidii tu. "Traki 07" ni faili ambayo hakuna aliyejishughulisha nayo.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani? Hasara ipo, na si ya heshima peke yake. Kwaya ya kijijini hulipia studio kwa michango ya wanakwaya, na katika nchi ile ya mlimani mchango aghalabu ni kiazi kilichouzwa. Mauzo ya kanda au sahani yalikuwa ndiyo njia ya kurudisha gharama. Nakala za kurushiana zimeifunga njia hiyo, na sioni kwamba itafunguka tena. Lakini mwimbaji mwenye jina ana njia ya pili: huitwa kuimba harusini, hualikwa mkutanoni, hutafutwa na redio. Mwimbaji ambaye wimbo wake umefika kila mahali bila jina lake hana njia hata moja. Ameenea na hajulikani.

Sheria nayo haiwezi kumsaidia bila jina. Sheria ya Hakimiliki ya 1966 ilifuatwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Naomba nilisifu neno hakishiriki. Kiingereza huziita haki za waimbaji, watayarishaji na watangazaji haki za ujirani, kana kwamba wamekaa nje ya ua wa mtunzi. Kiswahili kimeziita haki za kushiriki, na kwa kufanya hivyo kimeliweka ndani ya jina la sheria lile lile tendo ambalo sheria inataka kulitawala. Pana maarifa ndani ya neno hilo ambayo hayajatumika: kwamba kushiriki kuna haki na wajibu, na kwamba mtunzi ni mmoja wa washiriki, si askari anayewafukuza.

Mwaka 2013 ilianza kutumika stempu ya kodi katika bidhaa za muziki na filamu. Stempu hubandikwa juu ya sahani. Wimbo uliomo katika kadi ya simu hauna pa kubandikwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaja na njia yenye busara zaidi, tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 juu ya vifaa viwezavyo kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Njia hii inakiri kwamba watu watanakili, na inatafuta fungu la mtunzi mahali ambapo nakala hupita. Lakini kadi tupu haijui itabeba wimbo wa nani. Fedha ikikusanywa, lazima igawanywe kwa majina, na mwenye kugawa hawezi kumpa "Traki 07" kitu chochote. Hapo ndipo uhakiki wa maneno unapogusa chakula cha mtu.

Yuko atakayenipinga akisema kwamba kunakili ndiko kulikookoa muziki wetu. Nakubali, tena bila kusitasita. Mpaka Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilipozifungulia njia redio za binafsi, bendi za Bara zilirekodi nyimbo zao hasa katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Santuri nyingi za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi. Aliyeutaka wimbo alikaa karibu na redio kaseti, kidole juu ya kitufe. Bila watu hao, nyimbo nyingi zisingalifika mlimani wala zisingalibaki majumbani. Lakini tukumbuke kanda zile zilivyosikika. Mara nyingi kabla ya wimbo ilinaswa sauti ya mtangazaji akitaja bendi na jina la wimbo. Mwenye kunakili alinakili na jina, hata kama hakukusudia, kwa sababu jina lilikuwa ni sauti. Kunakili hakukuua jina. Kilichoua jina ni kulitenga na sauti na kuliweka katika lebo ambayo kila mkono unaopita waweza kuibandua.

Mababu zetu waliijua hatari hii. Tenzi ziliishi kwa kunakiliwa. Hazikuwa na njia nyingine. Mtu aliazima hati, akaandika yake, akairudisha, na hapana aliyemwita haramia. Lakini watunzi wengi walizoea kujitaja ndani ya beti za mwisho, jina, pengine na mji na tarehe, kwa vina vile vile na mizani ile ile. Aliyetaka kuliondoa jina ilimpasa kuvunja ubeti. Nao wanakili walizoea kuongeza chini ya hati jina lao na siku waliyomaliza kazi, hata ikajulikana nani alitunga na nani alinakili. Ni ajabu kwamba mtu wa mwaka 1996, aliyeweka baiti zake 128 mwisho wa faili, alipachagua mahali pale pale pa watunzi wetu. Lakini yeye aliliweka jina nje ya wimbo. Wao waliliweka ndani. Vijana wa Bongo Fleva, ambao wazee wengi huwalaumu kwa kujitajataja na kumtaja mtayarishaji mwanzoni mwa nyimbo, wameirudia desturi ya tenzi bila kufundishwa na mtu. Majivuno yapo, sikatai. Lakini jina lililoimbwa halipotei kwa kurushwa, wala halifichwi kwa kubadili tahajia.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Kunakili liwe neno la jumla, lisilo na hukumu, kama lilivyokuwa siku za hati. Kurushiana libaki kwa kupeana kwa wenzi bila malipo. Anayeuza nakala asizo na idhini nazo tuseme anachuuza nakala. Ni neno la sokoni, linalotaja tendo na faida yake, na mahakama yaweza kulipima. Neno haramia tuwaachie wa baharini. Na lile tendo ambalo mpaka sasa halina neno, la kuutoa wimbo mkononi bila jina la mwenyewe, tuliite kunyima jina. Kunyima ni kitenzi kinachotaka watu wawili na kitu kati yao. Ukikitumia, huna budi kusema ni nani aliyenyimwa. Ndicho kitenzi kinachomrudisha mtu wa tatu katika sentensi.

Kwa kwaya na bendi za Makete, Njombe na Makambako, na popote pengine, nasema hivi: msiingie studio bila kuweka jina ndani ya wimbo, ama kwa sauti ya mtu atajaye mwanzoni, ama katika ubeti wenyewe. Na kwa kijana wa kibanda, ambaye nilimkuta ana maktaba kubwa isiyo na orodha, nilisema haya haya kwa maneno mepesi. Hakukasirika. Aliuliza tu mtunzi atajulikanaje sasa. Tulimwuliza mama mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake. Naye akamtaja mzee mmoja wa kijiji cha jirani, na mwaka ambao wimbo uliimbwa kwa mara ya kwanza kanisani. Kijana akaifuta "Traki 07" na kuandika jina la wimbo, akaacha nafasi, kisha akaandika "wa" na jina la mzee.

Ilimchukua chini ya dakika moja. Ikiwa nimekosea katika uchambuzi wa maneno haya, wasomaji wenye ujuzi kuliko mimi wanisahihishe. Lakini juu ya ile "wa" ndogo, sidhani kwamba tutahitilafiana.